Sili Sita Juu ya Picha ya Harusi

Willis,

Idil wa duka la spea ameniambia asubuhi hii, nikitoka kununua maziwa, kwamba umechukua tena sili, vile vijichuma vya kuziba, za bei ya chini kabisa za ile injini yako ya rotari, ukamwambia, "Dani ndiye anataka tubane matumizi." Mimi nilisema hivyo kuhusu sukari, mjukuu wangu. Vijichuma vya mwaka jana vilivunjika vikakwangua injini ndani, na Jumamosi gari hilo ndilo la kutupeleka harusi ya Awuor.

Basi nimezilaza zote sita juu ya kioo cha picha yetu ya harusi, kama mwalimu wa darasa la tatu alivyokagua rula zetu. Mbili zimepinda, mwanga unapita chini. Zirudishe zote. Idil amekuwekea za bei ya kati. Za mashindano wacha, tunaenda harusini tu.

~~Chapati usiguse.~~ Chapati mbili ni zako, angalau umejaribu.

Picha usiisogeze. Babu yako ameapa atalinda hizo sili mpaka uje uzichukue, mimi nikiwa kanisani. Nimeinama kuvaa viatu, kuinuka anakoroma.

Bibi yako, Dani