Vifungo Sita vya Koti la Baba

Ipagala, Dodoma
Jumanne, 2 Juni

Dada Emiliana,

Brightness amepata oda! Makoti manane ya ngozi, dada, ya watu wa ofisini kabisa, na wote wanataka kama lile la kwanza, lenye vifungo vilevile! Nimelitanguliza hili kabla ya salamu kwa sababu nikichelewa nitaogopa, na nikiogopa sitaandika tena.

Haya, sasa shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko milimani? Watoto wa Luka wameacha kukohoa? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi, na nitakueleza. Usishangae mdogo wako kuandika barua wakati simu ipo. Simu yako ikilia anapokea yeyote aliye karibu, kisha mnaiweka sauti kubwa hadi kuku wanasikia. Barua hii nimempa Habibu, kondakta wa basi la Kibakwe, nikamwapisha aitie mkononi mwako tu. Isome peke yako, mlango umeufunga.

Unamjua mwanangu. Sisemi kwa kujisifu, ila kweli lazima isemwe: mikono kama ya Brightness hapa Ipagala hakuna. Alipokwenda kujifunza kushona ngozi majirani walinicheka, eti binti mzima amekwenda kusomea kushona makobazi. Leo hao hao wananisalimia wa kwanza. Mwezi wa tatu akaja Bwana Wambura, mtumishi wa Bunge, mtu mpana mwenye pikipiki kubwa, ameshika picha ya marehemu baba yake akiwa amevaa koti la ngozi la zamani. Akasema anataka lile lile, zito, alisikie mabegani. Brightness akachagua ngozi nene ya ng'ombe, akashona mpaka sindano za cherehani zikakatika. Vikabaki vifungo.

Utasema vifungo ni kitu gani. Kwenye kitambaa sawa, ukikosea unafumua. Ngozi haina msamaha, dada. Ukishaitoboa, tundu hilo litabaki hapo mpaka siku ya kiama. Kwa hiyo kifungo kinachaguliwa kwanza, ndipo unatoboa. Akavipanga vya kila aina mezani kwangu, tukawa tunakula mkekani. Zipu Bwana Wambura aliikataa, akasema zipu ni ya begi. Vya kubonyeza vilikuwa na mlio mzuri, lakini alipolijaribu koti na kuketi, viliachia kimoja kimoja tumboni kwake, pa, pa, pa, akacheka yeye kabla yetu. Vya pembe ya ng'ombe Brightness alivisugua mwenyewe vikang'aa, uzito wa koti ukapasua kimoja. Akazunguka Soko la Majengo lote, akarudi na vya rangi ya shaba ambavyo ukivikwangua kwa ukucha rangi inabaki kidoleni. Akaketi, akaniambia kuwa koti lisilo na kifungo cha haki ni gunia. Mimi nikamjibu aniachie mimi, najua vinapopatikana. Ndiyo mdomo wangu huo, unaujua tangu utoto.

Vikapatikana. Shaba tupu, vizito, vina kitanzi nyuma, sita. Bwana Wambura alipolivaa alijipapasa kifuani. Akaenda nalo ofisini, ndiko zilikotoka hizo oda nane.

Sasa simu yako ya wiki iliyopita. Uliniambia kaka Yotham alifungua sanduku la marehemu Baba ili alianike juani lile koti la Baba la ulinzi wa reli kule Gulwe, kwa kuwa siku ya kugawa nguo imekaribia, akakuta vifungo si vyenyewe. Ukasema anamshuku wifi Evodia, kwa kuwa ndiye anayefagia chumba cha sanduku, eti amewauzia wanunua vyuma chakavu. Na kwamba atasimamishwa mbele ya ukoo, na asipovitoa atarudishwa kwao. Ukasema Evodia hali chakula, analia tu, na Luka mumewe hamtetei. Halafu ukanyamaza muda mrefu. Nami nikakujibu nini? Nikasema pole, watu wa siku hizi hawaaminiki.

Tangu siku hiyo, dada, sina amani. Geti likigongwa najua ni Yotham. Nakumbuka bibi alivyotukataza: nguo ya marehemu haikatwi hata uzi kabla haijagawiwa, anayekata anamvua marehemu mwenyewe. Nilikuwa nacheka maneno hayo. Sasa sicheki.

Ni mimi. Nilipokuja kwenye arobaini ya Baba mlinilaza chumba kile cha sanduku. Mlipokwenda wote kisimani na kwenye kuni, nilifungua, nikavikata vyote sita kwa mkasi wa kucha. Mahali pake nikashona vya plastiki vya sweta la shule. Nilijiambia kuwa Baba angefurahi kumsaidia mjukuu wake. Lakini mtu anayeamini hivyo angeomba, dada. Mimi niliviviringisha kwenye leso, nikavitia kifuani, na mezani nikala ugali wa Evodia, nikamsifu kwa mlenda wake.

Na kuna jambo moja limekuwa likinichoma. Vile vya plastiki nilivishona kama alivyotufundisha Mama, uzi umezungushwa shingo ya kifungo mara tatu, fundo limefichwa chini. Alitufundisha wewe na mimi tu, kwa sindano moja. Evodia hajui fundo lile. Uliponyamaza kwenye simu ulikuwa umeshautazama uzi. Uliniachia nafasi, nami nikasema watu hawaaminiki. Nisamehe.

Jumapili baada ya ibada nilimwambia Brightness, ambaye alidhani nilivinunua. Hakunifokea. Alikwenda kwa Bwana Wambura kuliomba koti, akakata nyuzi mwenyewe, akanipa vifungo bila kunitazama. Koti linaning'inia hapa sebuleni, matundu sita wazi. Bwana Wambura amesema atafikiri. Oda kama zimekwenda, zimekwenda.

Nakuomba mawili. Mwambie Evodia leo hii ale, mwambie aliyechukua amejitaja. Yotham usimwambie, nitamwambia mwenyewe mbele ya wote, mahali pale pale alipotaka kumsimamisha Evodia. Vifungo nakuja navyo mkononi, si kwa kondakta. Nitavirudisha kwenye koti la Baba watu wakiangalia, na wewe kaa karibu unitungie uzi.

Wasalimie wote, majirani na wa kanisani, na Evodia kabla yao. Brightness anakupa shikamoo. Tutafika Ijumaa jioni, ili asubuhi ya Jumamosi tarehe kumi na tatu, saa nne, ukoo wote ukiketi uani kwa Baba, niwe nimeshasimama.

Mdogo wako mwenye hofu,
Generosa, Mama Brightness