Hodi ya Nne

Posta ya Ceduna
Alhamisi, 7 Januari 1993

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepoa na huyo mtoto wa jicho hajakuzidia. Sisi hatujambo, ila joto la huku halina adabu.

Gari lako linakwenda vizuri. Darryl analiendesha kama aliyebeba trei ya mayai, maana ulimtisha siku ile ulipomwambia lina umri kunizidi mimi na thamani kumzidi yeye. Kila mahali wazee hutuzunguka na kuuliza kama kweli lilikuwa gari la kupelekea mikate, na ni nani aliyetia kitanda na jiko. Nawajibu ni baba yangu, fundi asiyekubali kuuza kitu. Tangu tutoke Port Pirie tumesimama mara kumi na moja, na nane kati ya hizo ni kwa sababu ya poti ya Posy ya kukojolea.

Mjukuu wako amejifunza kusalimia barabarani. Anainua kidole kimoja tu, kama ulivyokuwa ukikiinua wewe juu ya usukani kwa kila gari linalopishana nawe. Madereva wa malori wanamrudishia, naye anajiona bibi mkubwa. Ila jana alikiinua kuelekea dirisha la nyuma, na nyuma yetu hakukuwa na hata kunguru.

"Unamsalimu nani, mama?" nikamwuliza.

"Koko."

Nikajua anataka kakao. Nikimkorogea anataka vikombe viwili. Kimoja anakunywa, cha pili anakiweka pale mlangoni kwenye ngazi na hataki kiguswe.

Darryl anaicheka ile desturi yako ya kugonga bati kabla ya kuondoka. "Baba mkwe bwana! Anapiga hodi kwenye gari lake mwenyewe!" Lakini anagonga, usimwonee. Anagonga tatu: yeye, mimi, Posy. Nilimweleza kwamba nilipokuwa mdogo wewe ulikuwa ukigonga nne na sisi nyumbani tulikuwa watatu, na kwamba nilipokuuliza ulisema ya nne ni ya gari. Akasema gari halijigongei. Basi sasa kila tukiondoka Posy analia, "Bado! Bado!" mpaka tumemaliza kilomita nzima.

Kile kidirisha ulichokitoboa kati ya kiti cha dereva na chumba cha nyuma kinamwingizia Posy jua la uso akilala, kwa hiyo Darryl amekiziba kwa taulo. Zamu zetu ni hizi: mara mtoto anakaa mbele kwenye kiti chake kando ya Darryl nami ninajinyoosha nyuma, mara analala nyuma nami.

Niandikie kwa anwani ya posta ya Norseman. Tutafika baada ya wiki. Mwagilie mama maua kaburini, mwambie tunasafiri salama.

Mwanao,
Jill


Port Pirie
Jumatatu, 11 Januari 1993

Mwanangu Jill,

Marahaba. Mguu ni ule ule na jicho ni lile lile, ndiyo maana maandishi yangu ni makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Maua ya mama yako nimeyamwagilia.

Naandika mbiombio ili niwahi gari la barua. Ningepiga simu kama ningejua mko wapi.

Ondoeni hilo taulo. Msingoje kesho.

Gongeni nne. Mwambie mumeo acheke akimaliza kugonga.

Mkishapanda mlima wa Madura mtaona upande wa kulia kibanda cha mabati na tangi la mvua. Watu wa zamani wanapaita Tangi la Hooley. Msisimame hapo hata tairi likipasuka. Burureni mpaka mbele.

Na hilo neno Posy amelisikia kwa nani? Mama yako aliwahi kulitaja mbele yake? Nijibu hilo kabla ya yote.

Baba yako


Posta ya Norseman
Alhamisi, 14 Januari 1993

Baba,

Shikamoo. Posy ni mzima. Naanza na hilo ili uketi kwanza.

Barua yako nimepewa sasa hivi dirishani na naijibu nikiwa nimesimama, kwa hasira. Uliyonikataza yote tuliyafanya juzi.

Tulisimama Tangi la Hooley saa sita mchana. Nani angetukataza? Kilikuwa kivuli cha pekee tulichokiona tangu asubuhi. Tulikula mkate na nyama baridi, Posy akakimbiakimbia kulizunguka tangi. Ni kutu tupu, chini limetoboka, unaona upande wa pili. Alicheka sana. Alikuwa anacheza kukimbizana, Baba, na mimi nilikuwa nimekaa nikimenya chungwa nikifikiri anakimbizana na kivuli chake.

Darryl akasema, "Haya, twende." Nikapanda nyuma nijilaze, kwa sababu zamu ilikuwa ya Posy kukaa mbele. Darryl alifikiri amelala nyuma nami, kwa sababu asubuhi ndivyo ilivyokuwa. Akagonga bati: moja, mbili, tatu. Nilisikia nikafumba macho. Nakumbuka niliona raha kwamba leo hakuna kilio cha "bado".

Tulikwenda kilomita ishirini na mbili.

Halafu bati likagongwa juu ya kichwa changu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Polepole, kwa nafasi sawa. Nikajua Darryl ananitania. Gari likapungua mwendo, likasimama, mlango wa ubavuni ukafunguliwa.

"Unataka nini, Mama Posy? Si ungeita tu."

"Mimi sijagonga. Ni wewe."

"Nigonge mimi na mikono yote iko kwenye usukani? Mwambie huyo mtoto aache kupiga bati."

"Mtoto si yuko mbele na wewe?"

Sitaki kuandika uso wake ulivyokuwa. Sijui tulivyogeuza. Mimi nilikaa mbele na nilikuwa napiga kelele njia nzima, nasema sala za mama zote, hata zile za kubariki chakula.

Tulimkuta amekaa chini ya ule ukingo mwembamba wa kivuli, amekunja miguu, ametulia kama mgeni aliyekaribishwa. Ngozi yake ilikuwa baridi. Hakuwa na kiu. Na kichwani alikuwa na kofia.

Kofia ya Posy ya manjano ilikuwa garini, Baba, nilikuwa nimeishika mkononi. Hii ni ya kitambaa cheupe chenye maua madogo ya buluu, kama lile pazia letu la jikoni nilipokuwa mdogo. Ilifungwa chini ya kidevu fundo mara mbili. Posy hajui kufunga hata kamba ya kiatu. Nimeipindua ndani nikaona mshono, na mshono ule naujua. Hakuna mtu mwingine aliyerudia pindo namna ile ila mama.

"Nani kakuvika?" Darryl akamwuliza.

"Koko."

"Nani kakupa maji?"

"Koko. Koko kashika mkono. Koko kasema kaa."

Kaa! Anasema alimwambia akae asifuate gari.

Kwa hiyo nakuuliza, na usinifiche tena. Ulijua nini kuhusu pale? Koko ni nani? Umenipa gari lako, ukanibebesha mwanangu wa miaka miwili ndani yake, ukanyamaza. Darryl anasema tukifika kwa mama yake Esperance tunaliuza na kurudi kwa basi. Nami nasema sawa.

Niandikie huko kwa mama mkwe. Sijui kama nitajibu.

Jill


Port Pirie
Jumanne, 19 Januari 1993

Mwanangu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi. Sikuulizi hali, kwa kuwa hali yako naijua. Niliwahi kuwa nayo, ila mimi sikuipata nafasi ya kugeuza mapema.

Ulikuwa na dada. Jina lake Coral. Ulimi wake ulikuwa haujalimudu jina, akijiita mwenyewe Koko.

Ilikuwa Januari ya 1959, wewe hujazaliwa. Barabara ilikuwa vumbi na mawe. Tulisimama Tangi la Hooley, wakati ule lilikuwa na maji. Gari ni hilo hilo, na ukuta ulikuwa mzima, bila kidirisha. Mimi nilijua Coral amelala nyuma na mama yake. Mama yako alijua amekaa mbele na baba yake. Hatukugombana, hatukuwa walevi, hatukuwa na haraka. Kila mmoja alimwamini mwenzake, basi. Tulikwenda maili sabini, mpaka nikasimama kutia petroli na mama yako akaja na kikombe cha maziwa, akasema, "Mpe mtoto."

Tulirudi usukani ukinichoma mikono. Hakuwepo. Tulitafuta siku tisa, polisi, wafuga kondoo, kila mtu. Mfuata nyayo alinionyesha alama ya miguu ya Coral kwenye vumbi. Haikuelekea porini. Ilifuata alama za matairi yetu maili mbili nzima, mpaka penye mwamba, ikaishia hapo. Alikuwa anatukimbilia, Jill. Kila siku tangu hapo nimeuona mgongo wa hili gari kama alivyouona yeye.

Ile kofia mama yako aliishona kwa kipande kilichobaki cha pazia la jikoni. Aliifunga fundo mara mbili kwa sababu mtoto alikuwa mwepesi wa kuivua.

Tuliporudi nyumbani nilitoboa kidirisha. Na nikaanza kugonga, kila mtu pigo lake, ili asiachwe mtu tena. Ulipozaliwa wewe, tatu zilikuwa zetu na ya nne yake. Nilikuwa namwambia tunaondoka, apande. Mama yako alinisihi usijue kitu, akasema mzigo huu unatutosha wawili. Alipokufa nikabaki nao peke yangu, na mtu akizoea kunyamaza hajui pa kuanzia. Nilikosea. Ningekuambia siku nilipokupa funguo. Nilidhani nikikuambia hutaenda, na nilitaka mfurahi.

Umeniuliza miaka yote kwa nini siuzi kitu. Watu wameniletea pesa nzuri kwa hili gari. Jill, analijua gari hili tu. Jingine likisimama pale atajuaje kwamba ni sisi?

Nakuomba kama baba ambaye hana haki ya kuomba. Msiliuze. Rudini nalo. Nilikukataza kusimama pale kwa kuwa nilidhani anataka mtoto wa kumchukua. Sasa najua nilimdhania vibaya mwanangu mwenyewe. Simameni. Mfungulieni mlango wa ubavuni, mngoje kidogo, mgonge nne. Ningekwenda mwenyewe, ila macho haya hayanivushi hata barabara ya kwenda dukani.

Baba yenu


Port Pirie
Jumatatu, 1 Februari 1993

Jill, mwanangu,

Natumaini mko wazima huko Esperance. Sijapata jibu. Mama mkwe wako alipokea simu, akasema umetoka, na sauti yake ikanionyesha kwamba umesimama karibu naye. Sina kinyongo.

Nambie tu kama gari limekwisha kuuzwa, nijue nimweke wapi moyoni. Hii naituma posta ya Ceduna, labda mtapita, kwa basi au vyovyote.

Baba


Posta ya Ceduna
Jumatano, 10 Februari 1993

Baba,

Shikamoo. Mguu? Jicho? Sisi wazima.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nakuchukia, kisha nikawa najichukia mwenyewe, na katika hali zote mbili kalamu haikushikika. Mnunuzi alikuja mara mbili. Mara ya pili Darryl alikuwa tayari na karatasi mkononi. Posy alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari na vikombe vyake viwili, amejibanza pembeni ili kuacha nafasi. Darryl akamtazama sana, kisha akamwambia yule bwana, "Samahani, mzee, gari lina mwenyewe." Hata mimi sikujua kama angesema hivyo.

Mimi nilimwacha wangu kwa kilomita ishirini na mbili nikajiona sistahili kuitwa mama. Ninyi mlibeba miaka thelathini na minne. Nilipofikia hapo hasira ilikwisha, ikabaki huruma, na nakuomba radhi kwa ile simu.

Jumatatu saa tano asubuhi tulisimama Tangi la Hooley. Taulo lilikwishatolewa zamani. Nilifungua mlango wa ubavuni nikausogeza mpaka mwisho. Nilijiona mjinga, kusema kweli. Upepo hakuna, nzi hata mmoja hakuna, na pale siku zote nzi wamejaa. Nikaita tu, kama anavyoitwa mtoto chakula kikiwa tayari, "Koko! Twende nyumbani."

Hapakuwa na kitu. Tulingoja robo saa. Darryl akakohoa, akasema taratibu, "Tumefanya tulivyoambiwa, mke wangu."

Posy alikuwa amelala kitandani nyuma, macho wazi. Akavua ile kofia, akaiweka kwenye mto, akajisogeza mpaka ukutani. Hakulia. Hakusema bado.

Nilifunga mlango nikakaa naye, mkono wangu juu ya mguu wake. Kupitia kidirisha nilimwona Darryl amesimama nje ya mlango wa dereva, mkono juu. Akagonga. Moja. Mbili. Tatu. Kisha akasita. Aliniambia baadaye aliogopa kugonga ya nne.

Ya nne ilisikika, Baba. Iligongwa kutoka ndani, chini chini, mahali mtoto anapofikia.

Barua yako ya tarehe mosi nimeikuta hapa. Gari halikuuzwa. Tutafika Jumamosi mchana. Tandika kile kitanda kidogo, na kwenye meza weka sahani tano, pamoja na yako.

Wanao