Nilimpa Punda wa Jirani Unga Badala ya Dawa

Mpendwa Shangazi Waruguru,

Nakuandikia kwa aibu ambayo siwezi kumwambia mtu yeyote hapa Mbotela, maana yule ambaye ningemwambia ndiye niliyemkosea, kwa hiyo nisikilize wewe hata kama utanitukana.

Nina miaka ishirini na tisa, nasomea shahada ya pili ya elimu ya farasi na punda, na kwa kuwa farasi ni wa matajiri wa upande ule mwingine wa mji, tasnifu yangu nimeifanya juu ya punda wa mikokoteni wa huku kwetu, wale wanaobeba maji na makaa, nipate kujua kama dawa mpya ya minyoo itawaongezea nguvu. Nilihitaji punda ishirini na wanne na wenye punda wakanicheka, wakaniuliza kama nimesoma miaka yote hiyo ili nije kupima mavi, mpaka jirani yetu Mzee Maingi, aliyekuwa akinibeba mgongoni nikiwa mdogo, alipozunguka mwenyewe kibanda hadi kibanda akiwatajia jina la mama yangu, "Huyu ni kijana ya Wacuka, mimi namjua tangu azaliwe, leteni punda," wakaleta.

Sasa Shangazi, utafiti wa namna hii una sharti lake, nusu ya wanyama wapewe dawa na nusu wapewe kitu kinachofanana nayo tu, ili tofauti ionekane, na mwenye mnyama asijue wake yuko upande gani, basi nikaandika nambari kwenye vikaratasi, nikavitia kwenye kofia, nikachota, na punda wa Mzee Maingi, anayeitwa Karani kwa sababu anatembea kama mtu anayekwenda ofisini Jumatatu, akaangukia upande usio na dawa. Wenye punda sikuwaambia habari za pande mbili, niliogopa watakataa, nikawaambia wote wanapata dawa, na kila mwezi nakoroga unga wa ngano na maji jikoni kwa mama, natia kwenye bomba la kunyweshea dawa, naenda kumwingizia Karani mdomoni huku mzee akinishukuru.

Linaloniliza ni kwamba kabla yangu mzee alikuwa akimnywesha mizizi michungu anayoletewa kutoka Ukambani, na ilikuwa ikimsaidia, lakini alipoliona bomba langu akaacha, akasema dawa ya wasomi na ya kienyeji zisichanganywe, na sasa ni mwezi wa tano na Karani amekwisha, mbavu unazihesabu, na juzi niliwakuta barabara ya Jogoo, mzee mwenyewe ameshika mkono mmoja wa mkokoteni anavuta pamoja na punda, na aliponiona akacheka, akasema, "Daktari, hii dawa yako iko kali sana. Imemaliza minyoo, sasa iko namaliza punda."

Zimebaki wiki tano nimalize vipimo. Dawa ya kweli ninayo chini ya kitanda, lakini nikimpa Karani nitaharibu hesabu zote, msimamizi wangu alituonya siku ya kwanza kwamba atakayegusa upande usio na dawa ataanza upya, na mimi nimeshaongezewa mwaka mmoja, sidhani watanipa mwingine. Nisipompa, atakufa. Shangazi, nifanye nini?

Ni mimi,
Msomi Mwenye Aibu, Mbotela.

JIBU LA SHANGAZI

Msomi,

Aibu unayo, na nashukuru unayo, maana wengi wa aina yako hawana. Lakini muhuri wa posta kwenye bahasha yako ni wa siku kumi na sita zilizopita. Ulikuwa na dawa chini ya kitanda, punda anakufa kwa jirani, ukaenda kununua stempu.

Nakuhurumia. Mtoto wa Mbotela hafiki ulipofika kwa mchezo, na kurudi nyuma mwaka mzima si jambo dogo. Mimi sayansi yenu siijui, kwa hiyo nilimpigia simu daktari wa mifugo ninayemfahamu. Alinijibu hata kabla sijamaliza swali: mnyama akizidiwa hutolewa kwenye utafiti, hutibiwa, na kwenye tasnifu huandikwa ametolewa lini na kwa nini. Je, msimamizi wako ulimwuliza? Hukumwuliza. Umelishika neno la siku ya kwanza ukalifanya Amri ya Kumi na Moja, kwa sababu ukimwuliza habari za Karani, naye atakuuliza wenye punda uliwaeleza nini. Hapo ndipo unapoogopa, usinifiche.

Tena umeniandikia habari za punda mmoja. Waliokula unga ni kumi na wawili! Hao wengine hawakukuliza kwa kuwa wenye punda hao hawakukubeba mgongoni?

Weka gazeti chini. Chukua dawa uende kwa Mzee Maingi sasa hivi, umtibu Karani kwanza, maneno baadaye, na mkokoteni usimguse mpaka apate nguvu. Kesho asubuhi uwe mlangoni kwa msimamizi wako, umweleze yote, pamoja na uongo. Akikurudisha nyuma, rudi. Halafu wazungukie wenye punda wote, mmoja mmoja, kwa miguu yako, uwaambie ukweli, na atakayekutukana mwache amalize.

Ila siku kumi na sita ni nyingi, mwanangu. Huenda ukifika utaambiwa punda amekufa. Ingia hivyo hivyo. Usimwambie mzee kwamba dawa imeshindwa, maana atakubali, na yeye ndiye atakayekufariji wewe. Mwambie, "Mzee, nilikuwa nampa unga." Kisha kaa hapo usikie atakavyokujibu. Usipomwambia, siku atakapopata punda mwingine atamleta kwako.