Mama wa Cedar Hill

Arlington, Alhamisi, Oktoba 2004

Sijamwambia mtu hili: yule mama wa Cedar Hill ni Mkenya kama sisi, na mimi najua.

Baba amenunua deni lake, ule mkopo wa pili juu ya nyumba ambao aliacha kuulipa. Benki ilichoka ikauuza kwa bei ya mtumba. Baba aliweka pale pesa zangu za chuo. Huyo mama asipolipa, nyumba inaenda mnadani.

Kupiga simu ni kazi yangu, eti Kiingereza changu ni cha hapa. Mimi, ambaye hata pizza naogopa kuagiza.

Leo aliposhika simu nilimsikia akimwambia mtoto kwa Kiswahili cha kwetu, "Nyamaza wewe, ni wale watu wa nyumba." Kisha akaniuliza kwa Kiingereza kama anaweza kulipa kidogo kidogo. Nikamjibu "Yes, ma'am," kwamba nitauliza, kwa Kiingereza tupu, kama sikusikia kitu.

Baba alisema, "Mwambie hapana. Si jirani, si wa kanisani. Alipe au ahame."

Jina lake la ndoa ni la Kimarekani, ndiyo maana Baba hajashtuka. Angejua ni wa kwetu, Jumapili angeenda kunywa chai kwake, akarudi amekubali kila kitu na kumchangia juu. Na chuo changu je?

Hizo ni ndara za Baba, nazisikia zikija. Anakuja kuuliza kama barua ya mnada iko tayari. Kwa kawaida ningefunika ukurasa huu na kitabu cha hesabu. Leo nauacha wazi. Kiswahili anakisoma haraka.