Kisima chenye Mdomo wa Mraba

Sokomuhogo,
Mji Mkongwe, Zanzibar.
14 Novemba 1998

Dada yangu mpendwa Bi Wafaa,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta Maskati ukiwa mzima, na kwamba lile goti sasa linakuruhusu kusujudu bila ya kiti. Shemeji naye hajambo? Wajukuu wanakuheshimu?

Sisi hatujambo kwa kiasi. Nyonga yangu, niliyoivunja Ramadhani iliyopita nilipoteleza kwenye ngazi, imeunga vibaya. Tangu siku hiyo sijashuka chini. Dunia yangu ni chumba cha juu, roshani ya upande wa barabara, na binti yangu Tamima.

Umeniuliza mara nyingi Tamima alifikaje kwenye picha za jangwa na za visa vya Torati, naye ni Mwislamu aliyelelewa na mwalimu wa sarufi. Leo nitakueleza, kwa kuwa na wewe umo.

Alianza kwa kuandika vibao vya maduka ya Mlandege. Nilikubali kwa sababu ilikuwa kazi ya herufi, na herufi zake zilinyooka. Baadaye akahamia duka la picha za watalii, akachorishwa tembo watatu na mlima nyuma yao, wiki baada ya wiki, tembo wale wale. Siku moja alinijia akasema, “Baba, nshawachoka hawa tembo, nao wamenichoka.” Nilimwambia aseme “nimeshawachoka”. Hilo ndilo jibu pekee nililompa, na leo linanikera.

Mwaka huo ndipo ulipotuletea ile kalenda yenye picha za majangwa ya Omani. Mwaka ulikwisha, lakini yeye hakuitoa ukutani. Akaanza kuchora mchanga. Kwa kuwa jangwa hajaliona, alikwenda Jambiani kwa Mwatima, dada wa marehemu mama yake, anayelima mwani. Unakumbuka jinsi maji ya bamvua yanavyotoka kule: pwani hubaki tupu mpaka macho yachoke, mchanga wote mikunjo mikunjo. Alikaa hapo akachora sakafu ya bahari, akaiita jangwa.

Picha ya kwanza aliipeleka kwa Bwana Filemoni, seremala wa Mlandege anayemtengenezea fremu. Ni Mkristo, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye babu zake walitoka bara. Alipoitazama alicheka hata akaiweka randa chini. “Bi Tamima, jangwa gani hili lina vijiti vya mwani?” Kweli, alikuwa amevichora vyote, mstari kwa mstari, kwa sababu vilikuwapo.

Hata hivyo Filemoni hakuiachia picha ile. Kanisa lao ni dogo na lilikuwa na ukuta mtupu. Alikuja hapa nyumbani kuniomba ruhusa, jambo nililolithamini, ili Tamima awachoree visa vitatu: Hajiri na mwanawe jangwani, Musa na watu wake wakivuka bahari, na Yusufu kisimani. Nilimwambia kwamba binti yangu hatachora sura ya Nabii yeyote, wala kivuli chake. Alijikuna kidevu. “Basi asichore mtu, Mzee Sleiman. Sisi tutamjua mwenyewe kwa mahali alipo.” Tukapeana mikono.

Picha ya Hajiri ina nyayo tu, zinazokwenda na kurudi baina ya vilima viwili. Ya Musa ni Jambiani ile ile. Maji yamesimama pande mbili, na katikati pana njia kavu inayokwenda mbali. Nakiri kwamba nilizitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaanguka, na Tamima hakwenda tena Jambiani, wala popote kupita soko la Darajani.

Ya Yusufu ameichorea hapa nyumbani, na jana ameimaliza. Ameichora kana kwamba mtazamaji yumo ndani ya kisima, anatazama juu. Hamna mtu. Mna kuta zinazopanda, giza, na kipande cha mbingu. Niliridhika, mpaka nilipoona kwamba ule mdomo wa kisima una pembe nne.

“Tamima.”

“Naam, baba.”

“Kisima cha wapi hiki chenye mdomo wa mraba?”

Aliosha brashi kwanza. “Kisima cha Yusufu sijakiona, baba. Nimechora ninachokijua.”

Nikachukua gongo langu nikaisogelea picha. Kwenye ukingo wa juu palikuwa na vijiguzo vya mbao, na kimoja hakipo. Dada, ni kile ulichokivunja wewe siku ya harusi ya ami yetu, ulipokipanda ili uone ngoma. Ni behewa la nyumba yetu, ua wa ndani ulio wazi juu, kama linavyoonekana ukisimama chini, penye kufulia nguo, na kuinua macho. Hapo ndipo anaposimama binti yangu kila siku, ninapomwita kutoka juu. Kamba imening'inia kutoka ukingoni. Haina ndoo.

Hakunilaumu. Angalinilaumu, ningalimjibu.

Sasa nikuambie jambo ambalo lingalikuwa mwanzo wa barua hii kama ningalikuwa na ujasiri. Barua yako ya mwezi wa Juni, ya kumwalika Tamima akae kwako miezi sita na kuliona jangwa kwa macho yake, sikumwonesha. Nilikujibu kwamba hataki kuniacha. Hakusema hivyo, hakuulizwa. Barua yako imo ndani ya kamusi yangu, na kila nikitafuta neno naipita. Nilihofia kubaki peke yangu na ngazi nisizoweza kuzishuka. Kwa miaka thelathini na mmoja nimewaadhibu watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Nakuomba umwalike tena. Bahasha iandike jina lake, na usiitume kwenye sanduku letu la posta. Barua zote Tamima huniletea mimi bila ya kuzifungua, na sina hakika nitafanya nini nikiishika. Ipitishe kwenye karakana ya Filemoni. Anuani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Kwa upande wangu usihangaike. Nimempelekea Mwatima salamu kumwomba ahamie hapa. Amejibu, “Shemeji, nitakuja, lakini sitaki kusahihishwa ninavyosema.” Nimekubali. Itaniwia vigumu.

Tamima yumo jikoni. Ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nami nimemwambia kwamba nakujulia hali ya goti. Huo ni uongo wa pili, na nataka uwe wa mwisho.

Nisalimie shemeji Hamad, na Ammar na mkewe, na umbusu Khawla mdogo kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, na akukutanishe na mwanangu kwenye mchanga usiofunikwa na maji.

Filemoni amefika barabarani kuichukua picha, naye ananiita. Naikunja karatasi hii, naitia kapuni, na naliteremsha kapu kwa kamba ya roshani ili aipeleke posta, kabla Tamima hajatoka jikoni.

Mdogo wako akupendaye na akuombaye radhi,

Sleiman