Baba, Usimjibie Hamisi Huko Bomani

Dodoma, kambi ya reli

Baba yangu, shikamoo. Na mama naye nampa shikamoo yake. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa kubeba vyuma. Je, huko Busi mvua imenyesha? Mguu wa mama umepona? Huku ni vumbi tupu, hata uji tunautafuna.

Mchuuzi aliyeleta habari zenu amenitia hofu. Anasema mdogo wangu Hamisi ameitwa Bomani Kondoa, jirani kamshtaki kwa wizi wa mtamba, nawe umesema akae nyumbani, utakwenda mwenyewe kumjibia. Baba, tafadhali, nisikilize kwanza.

Hapa nalala na Mgogo mmoja, Chilewa. Aliitwa Bomani kwa kumpiga mtu kisimani. Kaka yake akaja kutoka kijijini, akamwambia, "Wewe tulia, haya ni ya wakubwa." Nikamsindikiza huyo kaka. Karani akaita, "Chilewa!" Kaka mtu akasimama. Kabla hajaulizwa neno, akafungua shauri kama wazee wetu wote wanavyofungua: "Bwana, tumekosa, tunaomba radhi." Loh! Mkalimani akageuza, Bwana Shauri, yule Mdachi, akaandika kuwa amekiri, basi. Mwenzetu anangoja waulizane habari ya mbuzi wa kupatana, anaona anatiwa mnyororo. Kesho yake Chilewa akaenda kujitaja. Karani akamfukuza: "Chilewa tumeshamfunga, toka hapa!" Sasa kaka anavunja mawe barabarani, na Chilewa chakula hakimpiti kwa uchungu.

Kwa hiyo Hamisi aende mwenyewe. Askari wakija asikimbie, maana akikimbia watasema ndiye. Aulizwe ndipo ajibu, na asilolifanya alikatae wazi. Siku ile mtamba alipopotea si alikuwa ukweni akilima? Basi baba mkwe afuatane naye akaseme hivyo mbele ya Bwana Shauri. Mimi nimeomba ruhusa nije, msimamizi amekataa katakata.

Najua utasema mtoto amekwenda mbali, sasa anamfundisha baba yake. Sema tu. Lakini nakujua, wewe huombi radhi kwa kosa lako peke yake, huomba hata kwa mvua iliyochelewa. Bomani watakufunga kwa adabu zako.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mama mkwe wa Hamisi. Nawe mwalimu unayemsomea baba barua hii, ukimwona anainuka kutafuta fimbo ya safari, mkalishe, hata kwa nguvu. Nina baba mmoja tu.

Mwanao,
Juma