Mkaguzi wa Vyoo Kanipiga Picha

Aroni, choo changu hakina bati, hakina taa, hakina komeo. Lakini mlango kinao!

Leo nimechuchumaa humo, mkaguzi wa vyoo akausukuma, simu mkononi. Akapiga picha!

Nikasema, "Binti, nimo ndani!"

"Vizuri, mzee. Inaonyesha kinatumika."

INAONYESHA KINATUMIKA, Aroni!

Sasa picha iko kwenye grupu la mtaa. Mkwe wangu Veneranda, ambaye hata kula mbele yake naona aibu, kaandika "Hongera baba."

Sikujifunza kuandika kwenye masomo ya jioni ili ninyamaze. Nimemwandikia bosi wa wakaguzi pale Iringa: picha yangu ifutwe leo, au naye aweke yake, amechuchumaa.

Bahasha nimeigandisha kwa ugali, nikampa kondakta. Basi limeshaondoka Ilula.